Pima Arobaini Chini ya Atlantiki: Kwa Nini Kurudi Kutoka Andrea Doria Ni Kugumu Kuliko Kuifikia

Kusini mwa kisiwa cha Nantucket, katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Marekani, imelala meli ya abiria ya Kiitaliano iitwayo Andrea Doria. Imelalia ubavu wake wa kulia kwenye kina cha mita 73 hivi, yaani pima arobaini kwa kipimo cha mabaharia wetu. Mpiga mbizi anayeshuka kwa kufuata kamba ya nanga anaifikia kwa dakika chache tu. Lakini akikaa huko chini dakika ishirini, safari ya kurudi juu itamchukua saa moja au zaidi, na akijaribu kuifupisha anaweza kufa au kupooza. Wapiga mbizi zaidi ya 15 wameshafia hapo, na katika majira ya kiangazi ya 1998 na 1999 pekee walikufa watano.

Anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza hufikiria papa, au hewa kuisha mtungini. Papa wapo, na hewa kuisha hutokea. Ila vifo vingi vya mahali hapa chanzo chake ni kingine. Kuna mnyororo wa matatizo ambapo kila suluhisho linazaa tatizo jipya, na baridi hukaza kila pingili ya mnyororo huo. Ndiyo maana watu wenye ujuzi wa miaka mingi, waliojiandaa vizuri, wanaweza kufa kwa sababu ambayo ukiitazama peke yake inaonekana ndogo.

Meli yenyewe ilizama hivi. Usiku wa 25 Julai 1956, ukungu ukiwa umetanda, meli ya Kiswidi iitwayo Stockholm, ambayo omo yake ilikuwa imeimarishwa ili ihimili barafu, iliigonga Andrea Doria ubavuni upande wa kulia. Andrea Doria ikainamia upande huo kiasi kwamba mashua za uokoaji za upande wa kushoto hazikuweza kushushwa majini. Bahati ni kwamba ilielea kwa saa kumi na moja hivi, na meli nyingine zikawahi. Île de France, meli ya Ufaransa, peke yake iliwapokea zaidi ya watu 700. Watu 46 waliokuwa ndani ya Andrea Doria walifariki, na 5 wa Stockholm. Meli ilizama saa nne asubuhi ya 26 Julai, na siku iliyofuata mpiga mbizi na mpiga picha Peter Gimbel alikwishashuka na kamera yake kuipiga picha.

Gimbel atarudi katika makala hii. Kwanza tuizungumzie hewa.

Juu ya maji mwili wetu unabanwa na uzito wa angahewa moja. Kila mita 10 za maji ya bahari zinaongeza angahewa nyingine, kwa hiyo kwenye mita 73 mpiga mbizi anabanwa na zaidi ya angahewa 8. Kifua hakiwezi kupanuka dhidi ya mbano huo mpaka hewa anayovuta nayo iwe imebanwa kiasi kilekile. Kazi hiyo hufanywa na rigyuleta, kifaa cha mdomoni kinachotoa hewa ya mtungi kwa mgandamizo sawa na wa maji yanayomzunguka. Matokeo yake ni kwamba pumzi moja ya huko chini ina hewa ya pumzi nane za juu. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi angahewa 200 una lita 2,400. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika ataumaliza kwa saa mbili akiwa juu. Huko chini, kwenye Andrea Doria, utakwisha kabla ya robo saa. Akiingiwa na hofu au akipambana na mkondo, matumizi huongezeka maradufu, na robo saa hiyo inakuwa dakika saba.

Kwa hiyo anabeba mitungi mingi zaidi. Hilo ni rahisi. Kigumu ni kilichomo ndani ya mitungi hiyo.

Karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni naitrojeni. Hapa juu haitudhuru, ila ikibanwa inalevya. Kuanzia mita 30 hivi wengi huanza kuwa wazito wa kufikiri, na kwenye mita 70 mtu anayepumua hewa ya kawaida anaweza kuisoma saa yake na asielewe alichokisoma. Wengine huingiwa na furaha isiyo na sababu, wengine na woga. Jambo baya zaidi ni kwamba mlevi huyu anajiona mzima. Halafu kuna oksijeni. Ikifikia mgandamizo wa angahewa 1.4, wapiga mbizi hutahadhari, ikipita 1.6, inaweza kumtia mtu kifafa bila dalili yoyote ya kumwonya. Hewa ya kawaida kwenye mita 73 ina oksijeni ya zaidi ya 1.7. Kifafa chenyewe hakiui, lakini anayekipata rigyuleta humtoka mdomoni, naye akazama.

Miaka ya nyuma watu waliishukia Andrea Doria hivyohivyo, kwa hewa ya kawaida, na wengi walirudi salama. Katika miaka ya 1990 wapiga mbizi wa burudani walianza kutumia mchanganyiko uitwao trimiksi: oksijeni, naitrojeni na heliamu. Chukua mchanganyiko wa oksijeni asilimia 16, heliamu 50 na naitrojeni 34. Kwenye mita 73 oksijeni yake inabaki chini ya 1.4, na ulevi wa naitrojeni ni kama wa mtu aliye mita 26 kwa hewa ya kawaida. Akili inarudi. Nionavyo mimi, hakuna jambo lililookoa wapiga mbizi wengi wa vina hivi kama heliamu.

Lakini tazama kinachofuata. Heliamu ni ghali, na ubahili kwenye gharama hiyo umewahi kuua, kama tutakavyoona. Mchanganyiko wenye oksijeni chache hivyo haufai kupumuliwa karibu na uso wa maji, kwa kuwa mtu anaweza kuzirai. Basi lazima awe na mitungi mingine ya kushukia na kupandia, kila mmoja na gesi yake, na akikosea akaweka mdomoni rigyuleta ya mtungi usiofaa kwa kina alichopo, anaweza kufa kwa dakika chache. Tena heliamu hupitisha joto mara sita kuliko hewa. Hapo ndipo baridi inapoingia.

Anayeogelea Watamu au Nungwi, ambako maji huwa na nyuzi 26 au 28, hawezi kuifikiria baridi ya huku kwa urahisi. Juu ya Andrea Doria katika Julai maji yanavumilika. Ukishuka kidogo unavuka mpaka unaousikia usoni mara moja, na chini yake nyuzi ni pungufu ya 10, wakati mwingine pungufu sana. Maji hunyang'anya mwili joto mara 25 hivi kuliko hewa ya kiasi hichohicho cha baridi. Kwa hiyo suti ya mpira inayolowa, ile tunayoiona kwa watalii wa pwani yetu, haitoshi. Anavaa suti kavu: vazi lisilopitisha maji kabisa, lenye mipira ya kubana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, na ndani yake nguo nzito za kutunza joto.

Suti kavu nayo ina masharti yake. Kadiri anavyoshuka, maji yanaibana mwilini mpaka inauma, hivyo inabidi aijaze gesi kidogokidogo. Hawezi kuijaza mchanganyiko wake wa heliamu, maana angekuwa anajivika kipoza joto. Wengi hubeba mtungi mdogo wa agoni, gesi inayotunza joto vizuri kuliko hewa, kwa kazi hiyo tu. Gesi hiyo inahama ndani ya suti. Ikikimbilia miguuni inaweza kumpindua kichwa chini na kumpandisha juu kwa kasi, na kupanda kwa kasi ndilo jambo analoliogopa kuliko yote. Nguo nzito zinaelea, kwa hiyo anaongeza vipande vizito vya madini ya risasi kiunoni. Glavu nene zinatunza vidole lakini zinavinyima hisia: kufungua kibano, kukata mshipi wa nyavu ulionasa kwenye mtungi, vyote vinachukua muda maradufu, na kila dakika ya muda huo inakula gesi.

Rigyuleta pia huugua baridi. Gesi inayotoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda mdogo hupoa ghafla, hadi chini ya sifuri. Katika maji ya uvuguvugu hilo halina madhara. Katika maji ya nyuzi 4 au 5 barafu inaweza kufanyika ndani ya vali na kuiachia wazi, gesi ikamwagika mfululizo mpaka mtungi ukauke. Ndiyo sababu anabeba rigyuleta mbili zinazojitegemea, kila moja na vali yake mgongoni, na anajizoeza kuzifunga na kuzifungua kwa kupapasa.

Sasa tufike kwenye kile kinachoyafunga yote haya pamoja, yaani kurudi juu. Gesi iliyobanwa haiishii mapafuni. Inayeyuka kwenye damu, kwenye mafuta, kwenye uti wa mgongo, na kadiri anavyokaa chini ndivyo inavyozidi kuingia. Akipanda taratibu inatoka kupitia mapafu. Akipanda haraka hufanya kama soda iliyofunguliwa ghafla: inatoa mapovu papo hapo, ndani ya mishipa na viungo. Povu kwenye goti ni maumivu. Povu kwenye uti wa mgongo linaweza kumpooza mtu maisha yake yote.

Mskoti John Scott Haldane ndiye aliyeweka msingi wa hesabu za kupanda. Yeye na wenzake, wakifanya kazi kwa ajili ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, waliwaweka mbuzi ndani ya chemba ya mgandamizo, kisha wakawapunguzia mgandamizo kwa ratiba mbalimbali na kuwatazama. Mbuzi aliyeumia alijulikana kwa kuinua mguu. Mwaka 1908 walichapisha majedwali yaliyoelekeza kupanda kwa vituo: panda, simama, subiri, panda tena. Leo kompyuta ya mkononi inafanya hesabu hiyo kila sekunde, lakini wazo la vituo ni lilelile. Kwa Andrea Doria vituo vinaanza kina kikiwa bado kirefu. Kwenye mita 21 anabadilisha na kupumua mchanganyiko wenye oksijeni nusu kwa nusu, na kwenye mita 6 anapumua oksijeni tupu ili naitrojeni na heliamu zimtoke upesi. Kituo hicho cha mwisho ndicho kirefu kuliko vyote. Ananing'inia kwenye kamba ya nanga katika mkondo, akiiona mashua yake juu, na hawezi kuiendea.

Wakenya walikutana na hesabu hii Oktoba 2019, ingawa wengi hawakuelezwa. Gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni Septemba 29 likiwa na mama na mwanawe, siku 13 zilipita kabla halijatolewa. Watu walikasirika, wakauliza wapiga mbizi wanangoja nini. Gari lilikuwa kwenye kina cha mita 58 hivi, katika mlango wa bandari wenye mkondo na maji yasiyoonyesha mbele. Kwenye kina hicho mpiga mbizi wa hewa ya kawaida ana dakika chache mno za kufanya kazi, akiwa nusu mlevi, na baada ya hapo anadaiwa muda mrefu wa kupanda kwa vituo. Haiwezekani ashuke, apapase, apande, kisha ageuke na kushuka tena. Uchungu wa familia ile ulikuwa wa haki, lakini ucheleweshaji wa aina hiyo asili yake ni fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, tena katika maji ya uvuguvugu.

Katika maji baridi, kupanda kwa vituo kunazidi kuwa kugumu kwa namna ambayo wengi hawaitarajii. Gesi hubebwa na damu. Mtu akiwa na joto chini na kufanya kazi, damu inakimbia na kuipeleka gesi kila pembe ya mwili. Akianza kupanda, amechoka, ametulia kwenye kamba, mwili unapoa; mishipa ya mikono na miguu inajifunga kulinda joto la kifua, na gesi iliyokwishaingia huko inakosa njia ya kutoka. Watafiti wa Jeshi la Wanamaji la Marekani waliripoti mwaka 2007, baada ya majaribio makubwa, kwamba kuwa na joto chini na baridi wakati wa kupanda ni mpangilio mbaya kuliko yote. Afadhali kinyume chake. Siku hizi wengi huvaa fulana zenye nyaya za kupasha joto kwa betri. Ni kifaa kizuri sana, isipokuwa betri ikiisha katikati ya safari: amekuwa na joto chini, sasa anapanda akitetemeka, na kompyuta yake haijui.

Kwa kampuni za mafuta na jeshi kuna njia nyingine. Mwili ukishajaa gesi kwa kina fulani haujazwi zaidi, akae siku moja au wiki tatu, na muda wa kupanda haurefuki. Basi wafanyakazi wanaishi ndani ya chemba yenye mgandamizo uleule wa chini, wanashuka kazini ndani ya kengele ya kupigia mbizi, yaani chumba kidogo kinachoteremshwa majini, wanarudi kulala chembani, na mwisho wa kazi wanapandishwa mara moja tu, kwa siku kadhaa. Gimbel alitumia njia hiyo mwaka 1981 aliporudi Andrea Doria kulitafuta sanduku la chuma la benki. Timu yake ilikata uwazi mkubwa ubavuni mwa meli, ikalitoa. Lilihifadhiwa katika tangi la papa la akuariamu ya New York na kufunguliwa mwaka 1984 mbele ya kamera za televisheni, likakutwa na noti zilizolowa. Njia hiyo inahitaji meli kubwa, wahudumu wengi na fedha nyingi. Mpiga mbizi wa mwisho wa wiki hawezi kuiota.

Anayekwenda mwenyewe anaingia kupitia uwazi ule wa Gimbel au mwingine, na ndani anakuta jengo lililopinduka. Kwa kuwa meli imelalia ubavu, sakafu imekuwa ukuta, na mlango wa chumba umekuwa shimo miguuni au kichwani. Korido aliyoisoma kwenye ramani ya meli inakwenda juu na chini mithili ya kisima. Nyaya za umeme zimedondoka kutoka dari na kuning'inia kila mahali. Vumbi la kutu na tope la miongo limetulia juu ya kila kitu. Teke moja la pezi, au mapovu ya pumzi yakigonga chuma juu yake, na taa haimsaidii tena hata kuona kiganja chake. Kwa hiyo anatandaza kamba nyembamba tangu mlangoni na kuirudi kwa mkono. Gesi anaigawa mafungu matatu: fungu la kuingilia, fungu la kutokea, fungu la dharura, lake au la mwenzake.

Katika miaka ya karibuni wengi wameachana na mitungi mikubwa na kutumia ribritha, mashine inayoirudisha pumzi ileile, ikiondoa hewa ya ukaa kwa chokaa maalumu na kuongeza oksijeni kidogo inayotumika. Haitoi mapovu, hivyo haiangushi kutu. Gesi ya saa nyingi inabebeka mgongoni, na pumzi inayozunguka ina ujoto na unyevu. Kwa maji baridi ni neema. Lakini mtungi wa kawaida ukiharibika unajitangaza kwa kelele na mapovu. Ribritha ikipunguza oksijeni, mtu anazirai bila kuhisi kitu, na chokaa ikipoa sana huwa dhaifu kunasa hewa ya ukaa. Kwa hiyo anayeitumia bado anabeba mitungi ya kawaida ubavuni, ya kumtoa huko hadi juu mashine ikifa.

Mwaka 1992, kwenye mabaki mengine ya eneo hilohilo la Atlantiki, ya nyambizi ya vita, baba na mwanawe waliokuwa mahodari wa kupiga mbizi mapangoni waliufuata mnyororo huu hadi mwisho wake. Nyambizi hiyo ya Kijerumani ilikuwa kwenye mita 70 hivi mbele ya New Jersey. Walikuwa wanapumua hewa ya kawaida. Heliamu ilikuwa ghali. Ndani ya nyambizi vitu vilimwangukia kijana vikambana. Kumtoa kulikula gesi na muda, na akili za wote wawili zilikuwa zimelewa. Walipotoka walipanda moja kwa moja bila vituo. Baba alifia kwenye mashua, kijana baada ya kusafirishwa kwa helikopta.

Nyambizi hiyo iligunduliwa mwaka 1991 na wapiga mbizi Bill Nagle na John Chatterton, na kwa miaka sita hakuna aliyejua ni ipi, kwa sababu kumbukumbu za Vita vya Pili vya Dunia hazikuonyesha nyambizi yoyote pale. Mwaka 1997 Chatterton alivua mtungi wake ili apenye kwenye upenyo wa chumba cha mota za umeme, akatoa kisanduku cha vipuri chenye kibao kilichoandikwa U-869. Kumbukumbu rasmi zilidai ilizama karibu na Gibraltar. Ilikuwa na watu 56, na ndugu zao walikuwa wameambiwa bahari isiyo sahihi kwa zaidi ya miaka 50. Naiona tofauti kubwa kati ya hatari hiyo na ile ya kuingia Andrea Doria kuchukua sahani na vikombe vyenye nembo ya meli, ambavyo vimewatoa uhai watu kadhaa. Wanaokwenda kuchukua sahani wana haki ya kuchagua hivyo. Mimi nasema tu kwamba sahani haistahili.

Hata hao hawazipati kwa urahisi tena. Andrea Doria inaporomoka. Zamani ubavu wa juu wa meli ulikuwa kwenye mita 50 na kitu, na mtu aliweza kuugusa na kurudi bila kufika mchangani. Sasa sitaha za juu zimemong'onyoka na kuangukia chini, na ubavu umejikunja ndani kwa ndani, hivyo mahali pa kwanza pa kuifikia meli pamekwenda chini zaidi mita kadhaa. Ramani za miaka ya 1980 hazielekezi tena popote. Mita hizo zilizoongezeka zinaongeza gesi mwilini, gesi inaongeza dakika za kusubiri kwenye kamba, na dakika hizo zote zinasubiriwa ndani ya maji yaleyale baridi.